Maswali ya Binafsi na ya Kushtukiza Kwenye Usaili wa Kazi: Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu hujiandaa kwa usaili kwa kuisoma kampuni, kukariri wasifu wake na kuchagua nguo. Halafu anaangushwa na swali moja ambalo hakulitegemea: "Umeolewa?", "Mbona ulikaa bila kazi miaka miwili?", "Ungekuwa mnyama, ungekuwa yupi?" Hapa chini kuna maswali ambayo waombaji kazi huyarudia sana, kuanzia ya kawaida hadi yale ya pembeni. Nenda moja kwa moja kwenye lile linalokuhusu.

## Ya msingi

Nitajuaje kama swali limevuka mpaka?

Jiulize: jibu langu linabadilisha chochote katika uwezo wangu wa kuifanya kazi hii? Dereva akiulizwa kama leseni yake iko hai, au kama anaona vizuri usiku, hilo ni swali la kazi ingawa linagusa mwili wake. Dereva huyohuyo akiulizwa kama mwenzi wake naye ana ajira, wametoka nje ya mada.

Yanayosumbua zaidi ni yale ya katikati. "Unaishi wapi?" huenda linataka kujua kama utawahi zamu ya alfajiri, na huenda linapima hadhi yako. Usikimbilie kuhisi umevunjiwa heshima. Lichukulie kwa nia njema kwanza ("Usafiri hautanipa shida, hata zamu ikianza alfajiri"), kisha sikiliza swali linalofuata. Hilo la pili ndilo litakuambia nia ilikuwa ipi.

Kwa nini wasaili huuliza mambo yasiyowahusu?

Mara nyingi ni kutojua tu. Wengi wanaokaa upande ule wa meza ni mameneja au mafundi waliobobea kwenye kazi zao, ila hakuna aliyewahi kuwafundisha kusaili. Wanaingia chumbani bila orodha ya maswali, wanapiga soga kama na mgeni wa nyumbani, na kwao "una watoto wangapi?" ni sehemu ya salamu. Usaili wa namna hiyo, kwa bahati mbaya, ni kipimo dhaifu: muhtasari wa tafiti uliofanywa na Frank Schmidt na John Hunter mwaka 1998 ulionyesha kuwa usaili wenye maswali yaleyale kwa kila mwombaji hutabiri utendaji kazi vizuri kuliko mazungumzo huria. Hata hivyo mazungumzo huria hayajaisha, na huenda ndiyo utakayokutana nayo.

Sababu nyingine ni wasiwasi wa kikazi ambao msaili hajui kuusema wazi. Anayeuliza kuhusu watoto wadogo anaogopa utakosekana kazini. Anayeuliza umri anaogopa hutakubali kuongozwa na mdogo wako, au kwamba hutakaa. Jizoeze kuusikia wasiwasi huo, kwa sababu majibu mengi ya ukurasa huu yanaanzia hapo. Wapo pia wachache wenye ubaguzi wa wazi au nia mbaya. Hao nimewatenga kwenye sehemu ya mwisho.

Ni halali kuniuliza kuhusu ndoa, dini, mimba au afya yangu?

Inategemea nchi, ingawa msingi unafanana. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unakataza ubaguzi katika ajira kwa sababu ya rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, asili ya taifa au asili ya kijamii, na unagusa hata hatua ya kutafuta kazi. Sheria za nchi zimeongeza juu ya hapo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 zote zinataja ujauzito, ulemavu na maambukizi ya VVU, na zote katika suala la ubaguzi zinamlinda mwombaji kazi sawa na aliyekwisha kuajiriwa.

Kuna jambo ambalo watu hulikosea. Sheria nyingi hukataza kukunyima kazi kwa sababu fulani. Si zote zinazokataza kulitamka swali lenyewe. Nchini Marekani, swali kuhusu mimba kwa kawaida si kosa peke yake katika sheria za shirikisho, lakini laweza kugeuka ushahidi siku mtu akilalamika. Kwenye afya sheria zimekaza zaidi: Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990 inamzuia mwajiri kuuliza habari za ulemavu kabla ya kutoa ofa ya kazi, na Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inazuia maswali ya afya katika hatua hiyo, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa.

Kuijua sheria kunakupa utulivu. Kuinukuu mbele ya jopo ni jambo jingine. Fanya hivyo ukiwa umeshaamua kwamba kazi hiyo huitaki.

Basi nijibuje bila kuharibu usaili?

Njia inayofanya kazi mara nyingi ni kuujibu ule wasiwasi na kuliacha swali lilale. Umeulizwa kama una mpango wa kuoa au kuolewa karibuni. Unasema: "Nafikiri mngependa kujua kama nitadumu hapa. Natafuta sehemu ya kukua kwa miaka kadhaa, na kazi yangu iliyopita niliifanya miaka minne." Hujadanganya, hujafoka, na msaili amepata alichokuwa anakihitaji. Tena wengi hawatambui hata kidogo kwamba swali lao halikujibiwa.

Ukiona swali halikuudhi, jibu tu, kwa sentensi moja, urudi kwenye kazi. "Ndiyo, nina watoto wawili. Kuhusu ule mradi mliotaja mwanzoni..." Hatari ya njia hii ni kuendelea. Mtu akishaanza kueleza habari za nyumbani, ukimya wa msaili humsukuma aongeze, na kabla hajashtuka ameshasimulia talaka yake. Weka nukta. Ukimya ule si deni lako.

Kisha kuna kukataa. Kukataa kwa adabu kunawezekana, na sauti ina uzito kuliko maneno: "Hilo ningeomba libaki kuwa langu. Ila kama kuna jambo la kazi mnalotaka kulihakikisha, niulizeni." Sema kwa sauti ileile uliyotumia kutaja elimu yako. Ukitetemeka au ukikunja uso, wanakumbuka uso.

Mimi nisingeshauri kujibu kwa mzaha, ingawa ushauri huo umeenea. Mzaha kwa watu usiowajua ni kamari, na msaili asiyecheka atarudia swali lake akiwa amekereka.

## Familia, mwili na imani

Nina mimba na haijaonekana. Ni lazima niseme?

Kwa kawaida hakuna sheria inayokulazimisha kuitangaza kwenye usaili, na kukaa kimya si uongo. Ujerumani mahakama za kazi zimefika mbali zaidi: zimeamua kwamba mwombaji akiulizwa swali hilo lisilo halali anaweza kujibu kinyume cha ukweli, na mwajiri hawezi baadaye kuubatilisha mkataba kwa sababu hiyo. Kwingineko usitegemee ulinzi wa namna hiyo. Ukiulizwa ana kwa ana, tumia njia ya kukataa iliyoelezwa juu, au ujibu wasiwasi wa ratiba.

Wakati unaofaa kusema, kwa maoni yangu, ni baada ya kupata ofa kwa maandishi na kabla ya kuanza kazi. Hapo mazungumzo yanahusu likizo na mpango wa kazi. Kazi ikiwa na hatari kwa mimba, kama mionzi au kemikali, usisubiri. Uliza mapema kuhusu usalama wa kazi yenyewe, swali ambalo yeyote anaweza kuliuliza.

"Watoto utamwachia nani?" Hili linaniudhi sana.

Linaudhi kwa sababu huulizwa wanawake zaidi, na baba wa watoto wale wale haulizwi. Jibu fupi linatosha: "Mipango ya nyumbani iko sawa, na saa mlizotaja naziweza." Usieleze mpango wenyewe. Ukitaja bibi, dada wa kazi au shule ya chekechea, umefungua mlango wa "na akiumwa je?"

Kama saa hizo kweli huziwezi, hapa ndipo pa kusema. Kazi inayoanza kwa ahadi usiyoweza kuitimiza huvunjika ndani ya kipindi cha majaribio.

Nina ugonjwa wa kudumu au ulemavu usioonekana. Niutaje?

Unautaja pale unapohitaji kitu: kiti maalumu, muda zaidi kwenye mtihani, mkalimani wa lugha ya alama, chumba chenye utulivu. Ukiomba, omba kifaa au mpangilio, bila historia ya ugonjwa. "Nasoma vizuri zaidi maandishi makubwa, naomba karatasi ya mtihani iwe hivyo" ni ombi kamili. Jina la maradhi halijaingia.

Kazi nyingine zina uchunguzi wa afya unaohusiana moja kwa moja na usalama wa watu, kama urubani au kuendesha mitambo mizito. Huko kuficha ni hatari kwako na kwa wengine.

Wameniuliza dini au kabila langu.

Rejea jibu la "nijibuje bila kuharibu usaili". Kama unahitaji siku au saa fulani kwa ajili ya ibada, lizungumze baada ya ofa, kama suala la ratiba.

Wanadokeza kwamba umri wangu ni mkubwa, au mdogo.

Mkubwa: zungumzia ulichojifunza karibuni, kwa jina la programu au mbinu na kazi uliyoifanya nayo, na taja kiongozi mdogo kwako mliyefanya naye kazi vizuri. Mdogo: taja mara uliyobebeshwa jukumu la watu wengine au la fedha. Miaka yako usiitetee.

## Historia yako na mshahara

"Tueleze kuhusu wewe." Wanataka maisha yangu?

Hapana. Wanataka dakika mbili za kazi: uko wapi sasa, umefanya nini kinachofanana na kazi hii, na kwa nini uko mbele yao. Kijiji, wazazi na shule ya msingi haviingii. Ni swali linalotegemewa kuliko yote na bado watu huingia bila kulifanyia mazoezi.

Nilifukuzwa kazi. Nisemeje?

Sema kweli, kwa ufupi, na bila kumchafua mtu. "Tuliachana kwa sababu sikufikia malengo ya mauzo. Nilikuja kuona kwamba nguvu yangu ni kuwahudumia wateja waliopo, ndiyo maana nimeomba nafasi hii." Kama kampuni ilipunguza watu, sema hivyo kwa sentensi moja, kila msaili anajua mambo hayo.

Uongo hapa ndio ghali zaidi kuliko mahali pengine popote kwenye usaili, kwa sababu ndio rahisi kuhakikiwa. Simu moja kwa mwajiri wa zamani inatosha, na wapo wanaopiga baada ya kukuajiri.

Nina pengo la miaka kwenye wasifu wangu.

Litaje wewe mwenyewe kabla hawajaliona. Pengo lililotajwa na mwombaji ni habari. Lililogunduliwa na msaili linageuka upelelezi. Kama ulikuwa unamuuguza mtu, "nilikuwa na jukumu la kifamilia ambalo sasa limekwisha" inatosha, na si lazima useme nani au nini. Kama ulitafuta kazi ukakosa, sema ulitafuta, kisha taja kitu kimoja ulichofanya katikati: kozi, kazi ya vibarua, duka la ndugu. Kazi ndogo si aibu.

Wapo wanaouliza kuhusu kifungo. Soma fomu kwa makini kabla ya kujibu, maana nyingine huuliza makosa uliyotiwa hatiani, nyingine kukamatwa tu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Wanataka kujua mshahara wangu wa sasa.

Hili ni la binafsi kuliko linavyoonekana, kwa sababu jibu lako linaweza kukufunga kwenye malipo duni uliyoyapata zamani. Ndiyo maana jimbo la Massachusetts lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kumzuia mwajiri kuuliza historia ya mshahara kabla ya ofa, ikaanza kutumika mwaka 2018. Na Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha maelekezo ya uwazi wa mishahara yenye katazo kama hilo, nchi wanachama zikipewa hadi Juni 2026 kuyaingiza kwenye sheria zao.

Mahali pasipo na sheria hiyo, geuza mazungumzo yaelekee mbele: "Kwa majukumu mliyoyaeleza, natarajia kati ya kiasi hiki na kiasi hiki. Nafasi hii mmeipangia kiwango gani?" Wakisisitiza, unaweza kusema malipo ya mwajiri wako wa sasa unayachukulia kuwa siri. Wakisisitiza mara ya tatu, ama utaje kiasi halisi ukijumlisha marupurupu yote, ama ukubali kuwapoteza. Usikipandishe: hati ya malipo inaweza kuombwa.

Udhaifu wangu niutaje upi?

Udhaifu wa kweli, usiogusa kiini cha kazi, na unachokifanya kuurekebisha. Mhasibu asiseme anakosea hesabu. "Mimi nataka kila kitu kiwe kamilifu" limechoka. Msaili amelisikia asubuhi hiyohiyo.

## Maswali ya kushtukiza

Ungekuwa mnyama, mti au rangi: kuna jibu sahihi?

Hakuna. Wanatazama kama unaweza kuamua jambo dogo na kulitolea sababu bila kuchanganyikiwa. Chagua chochote, toa sababu moja inayogusa kazi, nyamaza. "Mchwa, kwa sababu hujenga kidogokidogo na pamoja na wenzake" inamaliza swali.

Wameniuliza idadi ya mafundi wa piano katika jiji. Nitajuaje?

Hutakiwi kujua. Hili ni swali la makadirio linalohusishwa na mwanafizikia Enrico Fermi na jiji la Chicago, na wanachotaka ni kusikia hatua za fikra zako. Chukulia jiji lina watu 3,000,000, nyumba moja watu 3, basi kuna kaya 1,000,000. Tuseme kaya 1 kati ya 20 ina piano: 50,000. Kila piano hurekebishwa mara moja kwa mwaka. Fundi hurekebisha 4 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, yaani 1,000. Jibu: mafundi kama 50. Kila namba ni ya kukisia, na msaili anaweza kuibishia. Akibisha, ibadilishe ukokotoe upya mbele yake. Hapo ndipo unapopata alama.

Mafumbo ya ujanja, yale yenye jibu moja lililofichwa, yameanza kupoteza heshima. Laszlo Bock, aliyeongoza masuala ya wafanyakazi Google, alisema hadharani mwaka 2013 kwamba kampuni hiyo iliyaona ni kupoteza muda. Ukiulizwa bado, fikiri kwa sauti.

Akili ikinifunga kabisa nifanyeje?

Rudia swali kwa maneno yako, kisha omba muda: "Naomba nifikirie kidogo." Sekunde kumi zinaonekana karne kwako tu. Ikiwa hakuna kinachokuja, omba kurudi kwenye swali hilo baadaye, na kweli ulirudie kabla ya kuondoka. Kama jambo hulijui, sema hulijui na ueleze ungelitafutaje. Kubahatisha ukijifanya unajua hugundulika kwenye swali la pili.

Wananikatiza, wananikejeli, mmoja anaangalia simu. Ni makusudi?

Huenda. Kuna usaili wa kukubana makusudi, hasa kwa kazi zenye wateja wakali au maamuzi ya haraka. Punguza kasi ya kuongea na umalize sentensi yako. Kama ni mtihani, umefaulu. Kama ndivyo walivyo kila siku, umejifunza kitu kuhusu mahali hapo bila kulipa chochote.

## Pembeni kabisa

Msaili ameleta mambo ya mapenzi, au amedokeza "tutaonana tukamilishe hili".

Hapa adabu ya majibu yaliyotangulia haikuhusu. Simama, sema "usaili huu nimeumaliza", toka. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unahusu ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi na unawataja wazi waombaji kazi. Andika siku hiyohiyo nani alisema nini, saa ngapi, mbele ya nani. Tunza ujumbe wote wa simu.

Wanataka nenosiri la akaunti yangu ya mtandao wa kijamii.

Usitoe. Maryland ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuwakataza waajiri kuomba hivyo, mwaka 2012, na majimbo mengine yakafuata. Kinachoonekana na kila mtu kwenye akaunti yako watakisoma bila kukuomba, basi kipitie mwenyewe kabla ya usaili.

Nimeulizwa swali la binafsi kwenye lifti, usaili ukiwa umeshaisha.

Usaili haujaisha mpaka umetoka getini. Anayekusindikiza huenda ndiye atakayeulizwa "umemwonaje?" Jibu kwa uchangamfu, na kwa kipimo kilekile.

Nilijibu vibaya. Naweza kurekebisha?

Ndiyo, kwa barua pepe fupi ya shukrani ndani ya siku moja. Aya moja: "Mliponiuliza kuhusu kuongoza timu, mfano niliotoa haukuwa mzuri, huu hapa ulio bora." Jambo moja tu. Ukirekebisha matatu unawakumbusha kwamba ulikosea matatu.

Naamini nilinyimwa kazi kwa sababu ya jibu la binafsi. Nianzie wapi?

Anza na maelezo yaliyoandikwa, kama kwenye swali la unyanyasaji hapo juu, pamoja na tangazo la kazi na mawasiliano yote. Omba kwa maandishi sababu ya kutochukuliwa. Jibu lisiloeleweka nalo ni kumbukumbu. Kisha nenda kwenye ofisi ya kazi, chama cha wafanyakazi au msaada wa kisheria mapema, kwa sababu muda wa kulalamika ni mfupi: Marekani, kwa mfano, malalamiko ya ubaguzi kwa tume ya shirikisho kwa kawaida huwasilishwa ndani ya siku 180, na hufika 300 pale jimbo au mji unapokuwa na sheria na chombo chake cha kushughulikia ubaguzi huo. Uliza siku ya kwanza muda wa nchi yako ni upi.